Misumari ya Kibakwe

Juzi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, dada mmoja mbele yangu aliomba kilo tano za misumari ya bati.

"Unapaua?" muuzaji akamuuliza.

"Siyo yangu. Ni ya mzee aliyeniuzia nyumba Area D, nyumba yangu ya kwanza. Hawezi kunipisha mpaka ile anayojenga Kibakwe iezekwe, na fundi kamkimbia. Jumamosi tunakwenda kwaya yetu nzima. Wanaume wa sauti ya nne watapanda juu, sisi wanawake tutapika."

Muuzaji aliacha kupima, akamtazama. Kisha akaongeza konzi moja ya misumari juu ya mzani.

Mimi mfukoni nilikuwa na barua ya wakili, ya kumtoa aliyeniuzia mimi nyumba, ambaye naye hajahama. Sikuwahi kumuuliza anahamia wapi.