Uzi wa Kwenda Amerika

Kwenye kioo kidogo mbele ya kiti changu, alama ya ndege yetu inatambaa kwenye ramani kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Zimebaki saa kumi na moja kufika Amerika. Mama aliyeketi pembeni yangu amepakata kiroba kilichokunjwa, na harufu yake ya unga inanirudisha Kasulu.

Mama yangu alikuwa mwalimu. Ramani ya mkoa aliichora juu ya kiroba cha unga, na kutoka Kasulu hadi Kibondo ilikuwa shibiri nzima. Msichana wa rika langu alikuwa akija na bibi yake kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kutuuzia sombe, kisamvu cha Wakongo. Mama yake alipanda ndege Kigoma kwenda Amerika, akamwacha.

"Dada, avio inachukua siku ngapi?" aliniuliza, akimaanisha ndege.

Nilijua kuwa ramani ya mkoa na ya dunia hazilingani vipimo. Yeye hakujua. Nikachukua uzi wa cherehani wa mama, nikaupima kwenye atlasi ya dunia kutoka Kigoma hadi Amerika, nikaukata. Kisha nikaulaza juu ya kiroba kuanzia Kasulu. Haukufika Kibondo.

"Umeona? Kibondo watu wanaenda na kurudi siku hiyohiyo. Mama yako angekutaka, angeshakuja."

Hakulia. Aliuomba ule uzi, akaufunga kidoleni.

Jioni mama aliuliza nani amekata uzi wake. Nikasema ni yule Mkongo.

Msichana na bibi yake waliporudi na sombe, mama yangu aliufungua ule uzi kidoleni mwa msichana mbele ya bibi yake, akawaambia wasikanyage tena kwetu. Uzi akautupa. Ulikuwa mfupi mno hata kushonea kifungo.