Maji ya Avenyu Yetu

Mama mdogo wangu alikuwa na shamba la maharage karibu na mji mdogo wa Kiwanja. Vita vilipomkuta huko, alikuja kwetu Murara, mjini Goma, na watoto wake, tukalala tumebanana, wengine sebuleni, wengine jikoni. Baada ya miezi michache akasema amechoka kuwa mgeni. Akaenda kusimamisha hema la turubai kwenye uwanja ulio chini ya avenyu yetu, pamoja na familia nyingine zilizokimbia. Mama yangu alilia siku ile, lakini hatukuacha kumpelekea bugali na sombe ya majani ya muhogo.

Mvua wakati huo zilikuwa zimebadilika. Jua lilikaa muda mrefu, kisha mvua ikamwagika yote kwa mkupuo. Goma haina mto wa kupokea maji. Yanashuka kutoka kwenye mabati, yanapita barabarani, yanaingia majumbani. Shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa barabara yetu, muzee mpole aliyekuwa mwalimu zamani, akaunda komite ya kuyatafutia maji njia. Mimi nilikuwa nimesomea ujenzi, basi nikaitwa.

Wakati huohuo nilikuwa nafuata mafunzo ya kutunza mazingira parokiani. Mfundishaji wetu, mama mmoja agronome, mtaalamu wa kilimo kutoka Bukavu, alikuwa na neno alilolirudia kwa kila mpango tuliouleta, uwe wa miti, wa mbabula za makaa au wa maji. "Mzigo haupotei," alisema. "Unahama tu. Mutafute umehamia kwa nani."

Siku ya komite, shefu alituonyesha njia ya mtaro aliyoifikiria. Ungeteremka avenyu nzima. Kila mwenye parsele, yaani nyumba na ua wake kando ya avenyu, alifurahi.

"Na mwisho wake, maji itaingia wapi?" niliuliza.

"Kule chini, kwa uwanja."

"Kule kuna watu, muzee."

"Bale ni ba kupita, mutoto yangu. Vita ikiisha, batarudi kwabo."

"Mama mudogo yangu analala pale."

Shefu akatazama kule chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawafikiria. Mwishowe akasema mkutano unaofuata ufanyike kwenye mahema.

Mkutano ule haukuwa mtamu. Jirani yetu mmoja, mfanyabiashara wa mbao, alisema waziwazi kwamba wenye parsele ndio wanaojenga, kwa hiyo wao ndio wanaoamua. Mama mdogo alisimama, kitenge kikiwa bado na tope la mvua ya asubuhi.

"Papa, na mimi nilikuwa na shamba," alisema. "Sikuomba kukaa hapa. Lakini kama maji yenu inakuja kulala kwangu, muniite kwanza."

Watu waliguna. Kisha tukaanza kuzungumza kweli. Nilieleza kwamba ardhi yetu ya mawe ya volkano hunywa maji haraka ikichimbwa vizuri: badala ya mtaro mmoja mrefu, kila parsele ingekuwa na shimo lake la kumeza maji, na mapipa chini ya mabati. Wenye parsele walilalamika kwamba watapoteza sehemu ya ua. Wanaume wa mahemani walikuwa na nguvu za kuvunja mawe, lakini walikataa kufanya kazi ya bure, na nadhani walikuwa na haki. Tulikubaliana walipwe kwa chakula, na familia zao zichote maji ya mapipa bila kufukuzwa.

Kuchimba kulichukua muda mrefu kuliko tulivyodhani. Lava ilivunja nyundo zetu. Shefu alichimbiwa wa kwanza, ili wengine waone. Mfanyabiashara wa mbao alikataa kabisa.

Mvua kubwa iliyofuata iliponyesha, nilikimbia mpaka uwanjani kabla haijakatika. Kulikuwa na tope, lakini maji hayakuwa yameingia kwenye mahema. Mama mdogo alikuwa anapika. Alinitazama nilivyolowa, akacheka, akanipa kiti.

Baadaye vita vikaingia mjini penyewe. Mahema yakabomolewa, watu wakaambiwa warudi makwao. Mama mdogo alirudi Kiwanja na kukuta mtu mwingine analima shamba lake. Walipelekana kwa wazee, akapata nusu.

Mashimo yetu bado yanafanya kazi, ingawa inabidi kuyatoa uchafu kila mara. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya parsele ya yule mfanyabiashara hupita barabarani, na wapangaji wa nyumba zilizo chini ya parsele hiyo huweka mifuko ya mchanga mlangoni. Komite bado inazungumza naye. Safari hii wapangaji nao wamo ndani ya komite.