Maziwa ya Mkimbiaji

Juzi, kwenye uwanja mmoja Kitengela, kocha aliwagawia watoto ndizi. Mbio fupi, aliwaambia, mwili unazimaliza kwa nguvu iliyo tayari kwenye misuli, lakini mbio ndefu zinadai chakula. Harufu ya kibuyu ikanijia.

Ule mwaka wa ukame tulikuwa tumebaki na ng'ombe mmoja. Asubuhi ya mashindano Mama alimpa dada yangu Naserian maziwa yote, machache, yanayonuka moshi. Nyuma ya boma Naserian akaninyooshea kibuyu, yeye akalamba mfuniko tu.

"Kunywa. Mkimbiaji akiwa na tumbo zito hashindi."

Nilimwamini. Mchana ule aliongoza mzunguko wa kwanza huku wasichana wakipiga nduru. Mzunguko wa pili miguu yake ilitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi, na wote wakampita. Akaketi kwenye vumbi, midomo imekauka.

Nilimhurumia sana, nikamwambia nilichojua.

"Ni ule mfuniko, dada. Nilikuona. Siku ingine usilambe."

Akanipangusa vumbi usoni, akakubali kwamba hatalamba tena.