Leo nimewafundisha madaktari

Leo madaktari kumi na wawili wamenyamaza kunisikiliza mimi, mjomba wenu wa darasa la nne. Mnaobisha, bisheni!

Wako kwenye mafunzo ya kuzungumza na wagonjwa. Waliomba mtu aliyefiwa, nikavaa koti la harusi nikaenda.

Nikawaambia enzi za kumuuguza mke wangu, Mama Neema, daktari mkuu alikuwa hafanyi kitu bila kuniuliza. Wakacheka.

Kisha daktari mmoja, binti mdogo, akasema, "Shikamoo, baba. Tuigize. Mimi daktari, wewe mume wa mgonjwa."

Akanieleza dawa, kwa kirefu. "Umeelewa, baba?"

"Nimeelewa sana, daktari!"

"Haya, nieleze na wewe. Nimesema nini?"

Jamani. Hata jina la dawa sikulishika.

Maana siku ile tunatoka hospitali niliulizwa kama nimeelewa, nikajibu hivyo hivyo, kwa sauti. Tulipofika nyumbani Mama Neema akaniuliza, "Alisema nikivimba miguu tufanyeje?"

"Pumzika tu, mke wangu."

Akapumzika siku nne. Tukamzika.

Nisemeni tu, ndugu zangu. Miaka yote nimewaambia daktari hakutueleza. Alieleza. Mimi sikuelewa, nikaona aibu kuuliza mbele ya mke wangu.