Uzi wa Jezi ya Riley

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Waliosema hivyo hawakumjua Verna Sawchuk. Hakujaliwa mtoto, lakini kila mwaka klabu ya hoki ya barafuni pale mjini Dunmore ilimletea kijana wa watu, katoka mbali kuja kuchezea timu ya vijana, naye akampa chumba, akamjaza pirogi, maandazi ya kuchemshwa yenye viazi ndani, mpaka shingoni, akamfulia soksi zinazonuka hadi msimu uishe. Mumewe Metro alipofariki, watu walidhani ataacha. Wapi! Akajiongezea na kazi ya kushona jezi za timu nzima, bure bilashi.

Mwaka huo alikuwa na Riley Beaudin, pande la mtu, mpole nyumbani kiasi cha kumlisha paka mgonjwa kwa kijiko. Barafuni alikuwa na kazi moja: mwenzake akionewa, yeye anavua glavu na kupigana. Kocha hakuwahi kumtamkia neno pigana, thubutu. Alimgusa bega tu, na benchi zima likajua.

Sasa ligi ilikuwa imeweka kikomo. Mchezaji akishamaliza idadi yake ya mapigano kwa msimu, kila pigano linalozidi anafungiwa mechi mbili. Wazee wa pale kwenye mkahawa wa uwanjani wakalalama kwamba hoki imegeuzwa chekechea. Verna aliwauliza mbona wana ukarimu hivyo na meno ya watoto wa wenzao.

Ijumaa ilipofika, Riley alikuwa amekwisha kukigusa kikomo. Na Jumamosi mtu wa chuo kikuu alikuwa anakuja kumtazama yeye, ili wakimpenda wamsomeshe. Ulikuwa msimu wake wa mwisho. Umri wa timu ya vijana unamwishia. Akipigana Ijumaa, Jumamosi atakaa jukwaani na watazamaji, na chuo ndiyo kimeota mbawa.

"Kocha akikugusa bega leo?" Verna alimwuliza mezani.

Riley alikuwa akizungusha uma kwenye sahani. "Mama Verna, wakimgonga kipa wetu nifanyeje? Nijifanye sijaona?"

"Jifanye kipofu. Kwani utakufa?"

"Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ndiyo, nitakuwa maiti."

Verna aliinuka mezani. Alikwenda kwenye cherehani, ilipokuwa jezi ya Riley. Jezi hizo zina mkanda kwa ndani, nyuma, unaofungwa kwenye suruali ili adui asikuvutie jezi kichwani ukapigwa bila kuona. Bila mkanda huo hakuna mpiganaji mwenye akili anayeingia vitani. Na Riley alikuwa na desturi, kabla ya kupigana hupeleka mkono nyuma, akauvuta kuhakikisha. Verna alifumua uzi, akaacha mishono miwili ya kushikilia tu. Mkanda utamkatikia mkononi, aliwaza, atarudi nyuma. Hesabu yake ilikuwa nzuri, ila alimsahau yule wa upande wa pili.

Jioni, mechi ikielekea ukingoni, jitu moja la wageni, Dufresne, lilimvamia kipa wa Dunmore likambwaga ndani ya wavu. Uwanja mzima ukasimama. Riley alikuwa ameshafika. Akapeleka mkono nyuma, akavuta, na mkanda ukabaki kiganjani. Akatulia. Akainua macho jukwaani, pale pale Verna anapokaa siku zote.

Verna alipiga ishara ya msalaba kwa shukrani. Kabla hajaushusha mkono, Dufresne alishika jezi, akaivuta hadi ikamfunika Riley kichwa, kofia ngumu ikaanguka, ngumi zikashuka moja juu ya nyingine. Verna alisubiri Riley arudishe hata moja. Mikono ya kijana ilining'inia tu.

Waamuzi walimwadhibu Dufresne peke yake. Riley alitolewa damu zikimtoka, akapita mbele ya benchi la timu yake. Aliyepigania wenzake hugongewa magongo ubaoni kwa heshima. Usiku ule hakuna aliyegonga.

Asubuhi kocha alipiga simu: ligi haikumfungia, yuko huru kucheza. Huru! Jicho la kushoto lilikuwa limevimba likaziba kabisa, na daktari alishamkataza barafu kwa mwezi mzima. Mtu wa chuo alikuja, akatazama vijana wengine, akaondoka zake.

Verna aliiweka jezi mezani. "Ni mimi niliyeufumua mkanda."

"Najua," Riley alisema. "Hapa nani mwingine anashona?"

"Basi kwa nini hukumrudishia? Si mlikuwa mmeshashikana?"

"Ningempiga hata gizani, Mama Verna. Lakini nilikuona umesimama kule, nikasema leo ngoja nikusikilize."

Verna alilia bila kuficha uso. Riley alimwacha alie, kisha akamsogezea jezi taratibu.

"Ushone tena. Mwakani ataivaa mwingine."

Alichukua sindano, lakini uzi ukakataa kuingia tunduni. Riley akaipokea, akaisogeza karibu na lile jicho moja lililobaki wazi, akamtungia.