Picha Iliyomzulia Bibi Dona Kifo

Jumamosi, saa nne asubuhi, Gencho Minev amesimama nje ya bafu la nyumba yake mwenyewe, taulo begani, anabisha hodi kama mgeni.

"Mke wangu, leo siku ya tatu sijaoga."

"Ukifungua huo mlango unamuua Bibi Dona!" sauti inajibu kutoka ndani.

"Mara ya pili wiki hii?"

Ndani, chini ya taa nyekundu, Zdravka Mineva, mwenye umri wa miaka 56, ameinamia trei ya dawa ya kusafishia picha iliyowekwa kwenye ubao juu ya hodhi la kuogea. Mashine ya kukuzia picha imepanda juu ya mashine ya kufulia. Kwenye karatasi, uso wa mwanamke mzee unajitokeza taratibu: kwanza kitambaa cha kichwa, kisha macho, kisha moshi wa pilipili hoho zinazochomwa. Mwanga ukiingia sasa, vyote vitageuka weusi mtupu.

Gencho anajua hilo. Anaketi chini mlangoni na kusubiri.

Kwa miaka 27 Zdravka amesambaza barua kwa miguu katika mji mdogo wa Drenovitsa, Bulgaria, kamera ya marehemu baba yake ikiwa ndani ya mkoba wa barua. Filamu moja ya picha 36 humgharimu karibu mshahara wa siku nzima, kwa hiyo hapigi ovyo.

"Rangi hunipotosha," anasema. "Nikimpiga mtu picha ya rangi, naona gauni. Kwa nyeusi na nyeupe, namwona yeye."

Shida ni kwamba Drenovitsa ina picha zake za namna hiyo. Mtu akifariki, karatasi yenye picha yake na ukingo mweusi hubandikwa langoni, kwenye nguzo za umeme na kituo cha basi. Ndiyo maana ilimchukua Zdravka miaka sita kupata watu kumi na wawili wa kukubali kupigwa picha. Kinyozi alikubali kwa sharti kwamba acheke, "maana maiti hacheki."

Mwezi huu ukumbi mmoja wa sanaa katika jiji la Plovdiv ulimwalika kuonyesha picha hizo kumi na mbili, onyesho lake la kwanza maishani. Ya Bibi Dona Kuneva, jirani yake mwenye miaka 83, ilichaguliwa kutundikwa mlangoni.

Kwa furaha, Jumanne Zdravka alibandika nakala yake kwenye dirisha la posta. Aliuacha ukingo mweusi wa filamu, kama wafanyavyo wapiga picha wanaojivunia kwamba hawakukata kitu. Chini aliandika jina la Bibi, siku na saa ya onyesho, na "Karibuni nyote."

"Sikufikiri," anasema, akiziba uso kwa mikono inayonuka dawa ya picha, kali kama siki.

Kufikia adhuhuri, maua yalikuwa yamejaa langoni kwa Bibi Dona. Penka, wa nyumba ya pili, alirudisha sufuria aliyoiazima miaka tisa iliyopita, ameisugua mpaka inang'aa. Sabka, ambaye hakuwa akisemeshana na Bibi tangu wagombanie uzio, alileta ngano ya kuchemsha ya msibani, akaketi kwenye ngazi akilia.

Bibi mwenyewe alikuwa shambani tangu alfajiri. Akatokea na ndoo ya pilipili hoho.

"Nani kafa?"

Sabka akasema kwa sauti ndogo, "Wewe, Bibi."

"Basi nipisheni nikafie ndani. Ndoo nzito hii."

Sabka alimpokea ndoo, na wote wakaila ile ngano. Lakini jioni Bibi alikwenda posta, akaibandua picha, akamwambia Zdravka, "Usinipeleke Plovdiv maiti."

Picha zinatakiwa Jumatatu.

Saa tisa alasiri Zdravka anavuka barabara na nakala mpya, safari hii bila ukingo mweusi, bado ina unyevu. Bibi Dona anaitazama muda mrefu.

"Mikunjo yote hii yangu?"

"Yote, Bibi."

"Hukuniongezea?"

"Hata mmoja. Ukikataa, siipeleki. Nitawaambia ninazo kumi na moja, wakinifukuza, basi."

"Miaka sita, mwanangu, halafu ufukuzwe kwa ajili yangu?" Bibi anafuta vidole kwenye aproni kabla ya kugusa pembe ya karatasi. "Huyu mwanamke kachoka, lakini hajafa. Anaonekana anataka kusema neno."

"Ndivyo nilivyokuona."

"Basi mpeleke. Ila nami nakuja. Niwekewe kiti pale pale chini ya picha. Atakayesema 'maskini, kafa,' nimjibu mwenyewe."

Zdravka anapiga simu Plovdiv papo hapo. Anaeleza habari ya kiti. Kijana wa ukumbini anauliza kwa adabu kama kiti hicho nacho ni sehemu ya kazi ya sanaa.

"Ndiyo," anasema Zdravka. "Na tafuta chenye mto. Atakaa hapo mpaka mfunge."