Makovu ya Nimo Yalipoamka

Ilikuwa mwaka wa nzige. Hapana, nakosea, nzige walikuwa wameshapita. Ni mwaka uliofuata, ule wa ukame, ng'ombe walipolala Gotu wasiinuke tena, nami nikarudi Isiolo mjini kwa miguu na mzigo wangu wa miswaki. Asubuhi hiyo vumbi lilikuwa limesimama hewani bila upepo, watu wakitembea ndani yake kama watu wa ndotoni, na wa kwanza kutokea alikuwa Nimo.

Nimo aliuza maziwa ya ngamia. Alizaliwa Sericho, akaolewa huko, akafiwa na mume, akaja mjini na mtungi mmoja. Miaka kumi na minane alikaa mahali pale pale, kando ya ukuta wa duka la nafaka. Mtungi aliufukiza kila alfajiri kwa moshi wa kijiti, hata maziwa yake yalinukia moto wa nyumbani. Na desturi yake ilikuwa hii: anamimina kidogo kwa kifuniko, anaonja yeye kwanza, ujue hayajatiwa maji. Halafu anakupa kifuniko hicho hicho. Ununue usinunue, mmekunywa pamoja.

Pembeni mwa macho alikuwa na makovu mawili ya mviringo. Akiwa mtoto aliumwa macho, nyanya yake akamchoma kwa chuma cha moto. Wengi wetu tunayo. Mimi ninayo matatu tumboni. Ni makovu yaliyolala, hakuna anayeyaangalia.

Basi ya Nimo yaliamka.

Yalikuwa yamefura, meusi yenye wekundu, yanang'aa kama yamepakwa samli. Puani vipele vigumu vilipangana kama shanga.

"Salaam aleikum, Nimo."

"Aleikum salaam, mzee Lopeyok. Umetoka mbali, kunywa." Akamimina, akaonja, akaninyooshea kifuniko.

Nikakiangalia. Njiani watu walikuwa wameshaninong'oneza: ukoma. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Leo nimefunga."

"Wewe? Mturkana wa kanisa? Na Ramadhani bado miezi mitano!"

Dima, muuza maziwa mwenzake, alicheka akashika mbavu. Nimo hakucheka. Alikunywa yaliyobaki kwa kifuniko, polepole, akiangalia upande wa Burat, kwenye kambi ya jeshi, kama mtu anayengoja mgeni.

Sikuwa peke yangu. Watu walianza kuja na vikombe vyao, kisha hawakuja kabisa. Jua likipanda, maziwa yanachachia mtungini. Ingeendelea hivyo Nimo angerudi Sericho, na huko hakuwa na ngamia hata mmoja.

Dima ndiye alileta shauri. "Dada, kilichochomwa kikiamka kinachomwa tena. Moto unajua njia." Alimpenda, ndiyo sababu aliwasha makaa mwenyewe. Akachoma juu ya yale makovu, akaongeza alama moja mkononi. Wiki zikapita, vidonda vikafunga. Halafu na lile kovu jipya la mkono likafura, rangi ile ile.

"Mzee, nimeufungulia ugonjwa mlango," Dima aliniambia, na alilia.

Ndipo akampeleka kwa Kiende, daktari wa ngozi. Mimi niliwafuata nyuma nimebeba mtungi. Kiende akamwambia Nimo afumbe macho, akamgusa kwenye uvimbe kwa pamba.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Unanitekenya, daktari."

"Ukoma huiba hisia," Kiende akasema, "na wewe zako zote ziko. Lakini sitaamua kwa pamba peke yake."

Akakata kipande kidogo cha ngozi kipelekwe Nairobi. Akaagiza na picha ya kifua, kwa sababu Nimo alikuwa na kikohozi kikavu. Sisi sote tulikuwa tumeulaumu moshi wa mtungi.

Jibu lilirudi na jina refu: sakoidosisi.

"Si ukoma, si kifua kikuu," Kiende akasema. "Haiambukizi mtu. Hata kwa kifuniko. Askari wa mwili wamekusanyika vikundi vikundi, kwa ngozi na kwa mapafu, na adui haonekani. Penye kovu wanapapenda."

"Nani aliwaita?" Dima akauliza.

"Hilo hata wataalamu hawajalijua."

"Na kuchoma je?"

"Ukimchoma unawajengea kambi nyingine, kubwa kama ile ya Burat."

Dima akaangalia chini.

Nimo alipewa mafuta ya kupaka na vidonge vya kumeza asubuhi baada ya chakula, akaonywa asiviache ghafla hata akijisikia mzima. Kiende alimpima sukari na macho, na baadaye akavipunguza vidonge kidogo kidogo. Uso wa Nimo ulijaa ukawa kama mwezi. Alikula kama mchungaji aliyetoka malisho. "Hii dawa inaninenepesha kama bibi arusi," alisema, "na bwana hayupo!"

Miezi ilienda hivyo. Uvimbe ulishuka kama maji ya mto Ewaso mvua ikishaisha, yakabaki madoa meusi tu, na kikohozi kikamwacha alale. Lakini sokoni bado walikuwa mbali naye. Mpaka asubuhi moja Dima akasimama katikati ya wanawake wa maziwa, akachukua kifuniko cha Nimo kutoka mdomoni mwake, akanywa.

"Mimi ndiye nilimchoma," alipaza sauti, "na mimi ndiye nakunywa! Mwenye kikombe akae na kikombe chake!"

Wakarudi. Mmoja leo, wawili kesho.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nimo alimimina, akaonja, akaninyooshea.

"Mzee, umefuturu?"

"Nimefuturu, Nimo."

Nikanywa. Moshi, chumvi kidogo, na utamu ambao unakuja nyuma. Nilipomrudishia kifuniko nilimwuliza neno nililotembea nalo Gotu hadi Burat na kurudi. Akageuka kumpimia mteja mwingine, na hata leo hajanijibu: siku ile ulipokunywa peke yako, Nimo, maziwa yalikuwa na ladha gani?